Daraja la Pili

Pua yangu ndiyo inayonilisha.
Hapa Okwang, nyuma ya ghala la pamba lililokwisha kufa,
nina meza, mizani, kijiko cha mti
na daftari lenye safu mbili: la kwanza, la pili.
Wanawake huja na ndoo zilizofunikwa vitenge,
nami hufunua, hunusa, huandika.

Kampuni inataka mafuta ya yaa yasiyo na harufu.
Yawe laini, rangi ya maziwa yaliyolala,
yasiwe na la kusema.
"Huko yaendako," msimamizi alinieleza,
"yatatiwa harufu ya maua."
Maua gani? Hakujua. Maua tu.

Leo foleni imemfikisha Abeja,
dada mkubwa wa mama,
aliyenipaka haya haya wiki niliyozaliwa
ngozi yangu ikibanduka kama karatasi ya sigara.
Sikumbuki; nimesimuliwa.
Ninalokumbuka ni likizo:
mimi mtoto wa koplo, nimekulia kambini,
Kiswahili mdomoni, Kilango changu kinachechemea,
na yeye ananishika goti lililochubuka,
anachota kidogo kwa kidole cha pete kisicho na pete.
Hayakuhitaji moto.
Yaliguswa na kiganja tu, yakalegea,
kama mtu aliyekuwa akingoja aulizwe.

Nafunua ndoo yake.

Moshi.

Si moshi wa uvivu, hilo naliapia.
Najua aliziokota kokwa alfajiri, mwezi wa tano,
umande haujakauka, mbuzi hawajafunguliwa.
Akachemsha, akaanika, akapasua moja moja juu ya jiwe,
akakaanga, akasaga,
akakanda na maji mpaka bega likafa ganzi
na uji ule mweusi ukakubali kugeuka mweupe.
Kisha jikoni. Na chungu chake ni hicho kimoja:
cha mboga, cha mafuta, cha maji ya kuwaogesha wajukuu.

"Kuni zilikuwa za nini, mama?"
Anatazama mizani.
"Za yaa."

Ule mti wa mpakani, kumbe.
Mwana wa shemeji yake kauuza:
magunia kumi na saba ya makaa,
lori likaondoka usiku bila taa.
Yeye akaokota matawi yaliyosalia.
"Mti umejipikia mafuta yake wenyewe,"
anasema, na anacheka kidogo,
kicheko kisichopata pa kukaa.

Nanusa tena. Ninalipwa ninuse mara mbili.
Kiswahili kina neno la kunuka
na kina neno la kunukia,
na kati ya hayo mawili ipo irabu moja tu,
lakini daftari la kampuni halina safu ya irabu.
Tofauti ya bei ni shilingi elfu mbili kwa kilo.
Ndoo ina kilo tisa.
Naandika: la pili.
Mkono wangu ni wa karani, ni mkono mzuri,
hata herufi hazikutetemeka.

Hakulalamika. Alihesabu noti, akazifunga pindoni.
Kisha akapitisha kidole ukingoni mwa ndoo,
akanishika mkono huu ulioandika
akaupaka, juu ya vifundo, palipopasuka kwa jua,
polepole, pasipo haraka na foleni,
kama anayefuta kitu
au anayekihifadhi, sijui.
"Umekauka," akasema. Akaenda zake.

Ndoo kumi na nne zilibaki.
Nikafunua ya kwanza: moshi.
Ya pili: moshi.
Ya Awidi anayechuja mara tatu kwa kitambaa kipya: moshi.
Kila nilipokaribisha uso, mkono ulitangulia.
Nikasugua kwa majani, kwa vumbi, kwa sabuni ya mche;
mafuta mema hayafutiki kwa sabuni.

Jua liliposhuka nyuma ya ghala
safu ya pili ilikuwa na jina moja tu.
Nilizinusa zote, Bwana Msimamizi, kama nilivyoagizwa.
Zote nimeziandika la kwanza.