Nusu Debe

Si huo, Fundi Zabloni. Huo wenye meno
urudishe msumarini.
Ndio uliomshika Pilato, mbwa wa Mama Ng'ande,
siku ya gulio la Igosi.
Nilimkuta anaulamba mguu taratibu,
kana kwamba mguu ni wa mwingine.
Mama Ng'ande hakunitukana.
Alinirudishia bakuli langu la ulezi, limeoshwa,
na tangu hapo hajaja kuazima kitu.

Na huo mdogo ni wa panya buku, usinidanganye.
Nipe wa kati. Taya zake pana,
chuma chake springi ya lori lililolala Kitonga,
chuma kilichokwisha kubeba mizigo.
Sasa kaa. Kazi bado.

Kwanza tupa. Sugua kingo
mpaka nipitishe kidole gumba nisihisi kitu,
kama mdomo wa kikombe.
Kisha acha mwanya katikati ya taya,
unene wa sarafu ya mia mbili,
zikifumba zisikutane.

Unacheka. Mtego gani huu wenye huruma?
Sina huruma, fundi. Nilikuwa na kondoo kumi na mmoja,
leo nahesabu saba, na kuhesabu saba hakuchukui muda.
Lakini mfupa ukivunjika mguu hufa ganzi,
na mguu wenye ganzi bweha huutafuna akaenda zake.
Nimeuona mwendo wake asubuhi juu ya sakitu:
nyayo tatu na kidoa.
Nyayo tatu na kidoa,
kutoka mtoni mpaka mlangoni pa zizi.
Wa miguu mitatu hakimbizi sungura tena.
Anamtafuta asiyejua kukimbia.
Nani alimfundisha kondoo, kama si mimi na baba
na meno yale pale msumarini?

Haya, mnyororo. Ukate, shubiri mbili zatosha,
akiruka asipate mbio za kujivunja.
Huku pete inayogeuka, na kule pete inayogeuka,
maana atazunguka. Kilichofungwa huzunguka,
hata mimi nilizunguka
mwaka ule nilioachwa, jikoni, kisimani, jikoni.

Sahani ndiyo yenye maneno.
Bweha mzima ni nusu debe la mahindi,
nimempima mmoja kwenye mizani ya ushirika,
karani akaniuliza ni daraja la kwanza au la pili.
Mguu mmoja wa mbele, basi, kilo mbili na ushei.
Kaza skrubu. Weka jiwe la kilo: isianguke.
Kaza tena kidogo. Hapo.
Kanga apite, paka wa shule apite.
Mbwa ni mzito, kwa mbwa skrubu haisaidii,
kwa mbwa nitaamka mwenyewe
kabla nyasi hazijalegea baridi.

Nyumbani nitauchemsha kwa magome ya miwati
uwe mweusi kama sufuria la msibani,
kisha nta ya nyuki, kisha kamba juu ya mti,
siku tatu bila mkono wa mtu.
Udongo wa huku mwezi wa sita huganda
kama ugali uliolala;
nitaufukia kwa vumbi la chini ya ghala,
lile kavu, linalonuka bunzi tu.

Unanidai ngapi? Andika kitabuni,
viazi vikitoka nitashuka nalo gunia Makambako.

Na ule wenye meno usimuuzie mtu.
Utie motoni leo nikiuona.
Zitatoka bawaba nne ukibana vizuri:
mbili za zizi langu,
mbili za Mama Ng'ande. Mlango wake wa jiko
unalia tangu mwaka jana.
Nilikuwa nausikia
kila nilipoingia.