Wapishi Wamo Tumboni

Kopo dogo la plastiki,
na jina halisomeki,
kanipa wala hacheki
Zuwena wa spitalini.

“Choo,” kasema, “kiasi,
uje nacho kwa wepesi,
usione wasiwasi,
hakuna msafi ndani.”

Nikalitia pakacha,
juu kanga nikaficha,
na bado hakujakucha
nashuka Wete mjini.

Bi Time akanijia,
pakacha kachungulia:
“Ala! Si hiyo halua?
Kipande nionjesheni.”

Nilicheka kwa machozi,
nikamwambia, “Siwezi,
hii imepikwa juzi,
wapishi wamo tumboni.”

Mama yangu alikonda,
tukasema ni vidonda,
ni chango, tukamkanda,
na kombe za sahanini.

Alipofika Unguja
daktari hakungoja,
neno alitupa moja:
“Mmechelewa nyumbani.”

Sasa Zuwena asema
tumbo ni shehia nzima,
wakaazi wake wema
na wahuni mitaani.

Mashine yake ni sheha,
haina hata mzaha,
aingiaye kwa raha
jinale daftarini.

Nasaba zao husoma,
nani kabaki, kahama,
koo ipi imekoma,
ipi yazaa gizani.

Nikauliza, “Wangapi?”
“Utahesabia wapi?
Watu wa dunia ipi
wafikie wa koponi?”

Kakuta mmoja kwangu,
mzawa wa fizi zangu,
kahamia chini, tangu
lini? Ruhusa ya nani?

Mtu wa meno, utumbo
aufuatia jambo
gani? Hapigi mgambo,
kajenga kando, pembeni.

“Si hukumu, ni dalili,
bado twatafuta kweli,
kamera ndiyo kauli,
sijasema saratani.”

Usiku nikalilia,
si tumbo; nikawazia
mama. Nani anajua,
angelisomwa zamani?

Nimekwenda, wamepita
na kamera, wamekuta
kinyama kisichopata
hata kimo cha kunguni.

Wakakata, wakatia
chupani; nasubiria
barua. Nimerejea
kuanua majamvini.

Vikonyo natupa huku,
karafuu huku; siku
na siku. Hata usiku
nauliza, “Humo nani?”

Bi Time kapita jana,
kainama, akanena:
“Halua sitaki tena.
Na mimi kopo nipeni.”