Ina Vyake Vyote?

Sechelela kaifunga kwenye gunia la alizeti,
kaja nayo kwa bodaboda toka Kongwa hadi Kibaigwa,
oili ya zamani imemchora mgongoni
mstari mrefu kama mkia.
"Fundi, nasikia unajua bei ya vyuma vilivyokufa."

Sijui bei. Najua kutazama.

Naiweka juu ya tairi, siiwashi.
Wengi hukimbilia kamba, wavute, ingurume,
wachekelee. Ngurumo hainunuliwi.
Wa kukata mbao atapata chenso mpya Dodoma mjini,
nyepesi kama kuku wa kienyeji.
Bwana wa Iringa anazitundika ukutani,
hazimkatii hata kijiti cha meno,
na kwenye simu huuliza neno moja tu:
"Ina vyake vyote?"

Basi nahesabu vyake.
Kifuniko cha chujio, kipo.
Kibati cha namba kipo, tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na jasho.
Upanga ni wake, umepinda kidogo,
kama mtu anayetega sikio.
Kabureta si yake, ni ya pampu ya maji. Natoa.
Kamba ya kuwashia ni ya katani, kasokota mtu pajani. Natoa.
Nafungua plagi, naziba tundu kwa kidole, navuta taratibu:
loo, bado inaninyonya kidole kama ndama.
Naongeza.

"Laki nne," nasema. "Na hii rangi iliyobaki viraka
msiiguse. Mnunuzi analipia mikwaruzo."
Kimya.
Kisha anaigeuza.
Upande wa pili kijani kibichi, kijani cha mlango wa duka,
brashi imeacha nywele zake humo humo.
"Lazaro," anasema. "Alitaka ipendeze. Kopo likamwishia."

Laki mbili.
Hanibishii. Anashika mpini wa nyuma
uliovishwa ngozi ya ng'ombe, mshono wa sindano ya magunia.
"Hii aliishona baba, baada ya vidole."
Vidole viwili, huko Kiboriani,
mninga ulipogeuka bila kuaga.
Daftari langu halina safu ya hayo.
Namwambia tu ukweli: ngozi si yake. Natoa.

"Kama ni ya kutolewa, nitaitoa mimi."
Akakata uzi kwa wembe wangu, tundu moja moja.
Chini yake mpini ukatoka mwekundu,
mwekundu wa siku ile ulipotoka kiwandani,
haujaonja jua, haujaonja mkono.
Nikaita kijana alete taa.
Miaka ishirini nafungua hizi mashine
sijaiona rangi hiyo ikiwa hai.

"Laki tatu na nusu," nikasema. "Imepanda, mama."

Alikuwa ameshakunja ngozi, bado imeshika umbo la kiganja,
anaitia kwenye mkoba, kati ya simu na dawa za presha.
"Sawa," akasema. "Gunia nirudishie,
la jirani."