Mapanga Mawili

Majira yote ya baridi tulibishana, mimi na dada yangu Hillevi,
boti iko juu ya magogo, Nauvo, theluji imefika usukani.
Yeye alitaka rafadha ya kugeuza ubavu:
"Irudi nyuma ikiambiwa, isitugongeshe gati."
Mimi, ya kujikunja.
Tanga likishiba upepo, ifumbe kama mkasi mezani,
maji yapite wala yasijue kuna chuma.
Bei zote mbili zilitunyamazisha wiki nzima.

Nikashinda. Sikumbuki vipi.
Nadhani alichoka.

Sasa ni Aprili. Hillevi kapiga magoti chini ya tezi,
anakwangua ukoga, anashindilia grisi kwa kidole,
anang'oa zinki iliyolika ikawa kama jino la bibi.
Analishika panga moja, analitikisa.
"Linacheza," asema. "Unene wa ukucha."
Analifungua, na la pili lafunguka nalo,
meno ndani ya meno, halina hiari.

Ananitazama.
"Na kurudi nyuma?"
"Vibaya," nakiri. "Gatini tutafika polepole."

Hajibu. Ananyosha mkono wenye grisi
nimpe spana, na mimi
ninayo tayari.