Neno Lililoliwa na Kaseti

Tulikuwa watu kumi na wanne usiku ule, Katuba.
Leo ukiuliza utapata mia nne walioshuhudia;
hata Banza, ambaye mwaka ule alikuwa bado ananyonya,
anakumbuka rangi ya shati la mpiga ngoma.
Sibishi. Mimi ni fundi redio,
najua kelele hunenepa ikipita spika hadi spika.

Waya Uchi, ndilo jina lao.
Numbi wa tanuru, aliyepiga pipa la mafuta
kama mtu anayedai mshahara wa miezi saba
(alikuwa akidai kweli: miezi tisa).
Kapya na gitaa lake, nyuzi tatu
na wa nne waya wa breki ya baiskeli.
Mbele yao Masengo, mwembamba kama pesa ya tarehe ishirini na nane,
hakuimba, alifoka,
mpaka mbwa wa Kamalondo wakaitikia.

Nyimbo zao hazikufika dakika mbili.
Umeme haukuwahi kutupa zaidi.

Mbelgiji mmoja wa reli, aliyepotea akitafuta bia,
alisimama mlangoni akasema: hii ni panki.
Tukamuuliza, panki inaliwa na bukari au peke yake?
Alicheka sana.
Sisi tulikuwa na njaa.

Ilibaki kaseti moja. Ninayo.
Imezungushwa kwa kalamu, imeungwa kwa rangi ya kucha
ya mke wangu Adolfine, imelala ndani ya mchele
msimu mzima wa mvua.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, mashine ilitafuna utepe:

*Mukuba unatoka, treni inajaa,*
*na sisi tunabaki na*

khrrp.

Na nini?
Miaka thelathini na mitatu tunagombana.
Mwewa, siku hizi mhasibu mwenye kitambi, anasema: vumbi.
Adolfine anasema: deni.
Shemasi Nkulu, mwenye chale ya waya chini ya shati la kanisa,
anasema: Mungu,
na hakuna anayethubutu kumcheka kabla ya chupa ya pili.
Kuna uchumba ulivunjika Ruashi kwa ajili ya neno hilo.
Na watoto waliozaliwa bendi ikiwa imeshakufa
wakifika hapo hawatafuti neno.
Wanaruka, ngumi juu, kwa pamoja: khrrp!

Numbi alifukiwa na shimo, Kolwezi.
Kapya, wengine husema Ndola, wengine hunyamaza.

Juni iliyopita, baridi ikiuma masikio,
mzee alileta kwangu redio isiyoshika stesheni.
Mfuko wa dawa za presha, meno ya kuhesabika.
Akasema, "Fundi, hii inakoroma tu."
Ni sauti ile.
Bisibisi ilinianguka.

Usiku tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki,
watu sitini uani, munkoyo ukizunguka.
Nikabonyeza.
*Mukuba unatoka, treni inajaa* … khrrp.
Tukamgeukia, kama darasa.

Akafuta miwani.
"Hapo," akasema, "hapakuwa na neno.
Niliingiwa na vumbi. Nikakohoa."

Miaka yote hiyo nilitibu mahali pasipougua.

Jenereta ya jirani tu ndiyo iliyosema kitu.
Kisha Mwewa akaruka: Mmesikia? Vumbi! Nilisema vumbi!
Na dawa ya kikohozi, akadakia Adolfine,
aliinunua kwa nini kama si deni?
Shemasi alifumba macho, akangoja,
kama mtu ambaye Mungu wake hupitia popote, hata kooni.

Masengo akatutazama mmoja mmoja,
mdomo wazi kidogo,
kama aliyepita kwenye matanga akasikia jina lake.
Akavuta kiti karibu na spika.

"Rudisha nyuma," akasema. "Nisikilize vizuri."