Safu ya Tatu

Baba mkwe aliniachia daftari la kiwanda.
Safu tatu: Kilichoingia. Kilichotoka.
Ya tatu, kwa wino mwekundu: Kilichotupwa.
"Hii, Wulan," alisema, "usiijumlishe. Itakunyima usingizi."

Nikaijumlisha.

Kilo mia za soya tuliloweka jioni,
tukasaga alfajiri, tukakama tui kwa kitambaa
mpaka viganja vikawaka;
tofu ikakatwa, ikakaangwa,
ikapanda basi la Bandung ingali moto.
Machicha yakabaki, kilima kinachofuka mvuke.
Na yale maji makali ya kugandishia:
ndoo moja tuliitunza igandishe tui la kesho,
ndoo thelathini na tisa
ziliteremka mtaroni hadi mtoni,
nyeupe, kisha kijivu, kisha hazitajiki.
Kule bondeni Bi Iroh alifua sare za wajukuu
zikatoka na harufu ya jina letu.

Hakuja kugomba. Alikuja na shati moja la shule,
akaliweka mezani, kati ya vikapu,
akaenda zake.

Wa kwanza kuyataka machicha alikuwa Dasep, fundi wa oncom.
Akiba haiozi, husema watu;
ya Dasep ilioza kwa ustadi.
Aliyatandaza juu ya chekeche za mianzi,
akayapanda ukungu kama mtu apandaye mchicha,
na siku ya tatu yakavaa rangi ya chungwa.
Mume wangu alicheka: "Sisi ukungu tunaufuta,
mwenzetu anaulea!"
Alicheka hadi alipoletewa sahani, na pilipili, na wali wa moto.
Hakubakiza cha kumcheka mtu.

Mengine yakaenda kwa ng'ombe wa Yayat,
na samadi ya Yayat ikapanda tena mlimani, kwenye soya.

Maji ndiyo yaliyotushinda.
Tulichimba shimo, tukalifunika, tukatoa bomba,
tukangoja vijidudu tusivyoviona vifanye kazi tusiyoijua.
Mara ya kwanza, kimya.
Mara ya pili, yai viza mtaa mzima.
Mara ya tatu Bi Iroh alishika kiberiti mwenyewe,
maana bomba lilipita mlangoni kwake,
na jiko likafanya *fuu*,
mwali mdogo, samawati, kama ua la kunde.
Hakusema neno. Akateleka birika.

Sijidai tumeokoa dunia.
Mvua ikizidi, shimo hufura.
Mafuta ya kukaangia bado hayajapata mwenyewe.
Na mto una kumbukumbu ndefu kuliko daftari.
Ila jana usiku nilifika safu ya tatu,
kalamu nyekundu mkononi,
nikaandika: *mafuta, lita nne.*
Chini yake pakabaki peupe,
peupe kama shati lile,
ambalo bado sijalirudisha.