Mche

Mche wa kwanza ulikatwa kwa uzi, kama sabuni,
juu ya meza ya jikoni ya Griselda Oyarzún,
huko Coyhaique, Julai, theluji imeziba mlango wa nyuma.
Oti, asali, kokwa za avellano
zilizokaangwa hadi zikanuka moshi.
Chumvi kidogo.
"Kingine chochote ni uongo," alisema,
akanifungia miwili kwa karatasi ya nta.

Mimi nilishika daftari.
Mwaka wa kwanza: miche mia sita,
na wanunuzi wote nawajua kwa viatu vyao.
Mwaka wa tatu: elfu arobaini,
tanuri la mtumba la mwoka mikate aliyefilisika,
wanawake tisa wenye kofia za wavu,
na Nibaldo, aliyekataa kofia kwa kuwa hana nywele.
Paa tukalivika paneli za jua.
Lakini jua letu la kipusa ni mgeni asiyeketi;
tukarudia kuni, kimya kimya,
na kwenye taarifa ya mwaka nikaandika
"nishati ya mchanganyiko".

Ndipo akaja bwana wa maduka makubwa, kutoka Santiago,
viatu vyembamba, mafua.
Alitafuna polepole.
Mtamu, akasema. Unadumu rafuni siku ngapi?
Ishirini na tano.
Akacheka kwa pua.
Alitaka miezi kumi na minane,
na miezi kumi na minane haikai kwenye nta.
Inataka ngozi ya fedha, nyembamba kama utando wa yai,
isiyopitisha hewa, wala unyevu,
wala mwisho.

Tukatia saini. Kalamu ilikuwa yangu, sikatai.
Daftari likanenepa.

Machi moja Griselda alipanda hadi ziwani
akamkuta mama yake chini ya jiwe:
Eudocia, jina tulilolipa kampuni,
liking'aa kwenye kuvu, limekunjwa na kidole cha mtu aliyeshiba.
Hakupiga kelele.
Alilileta mfukoni,
akachimba shimo nyuma ya kiwanda, karibu na mfereji,
akalisimamisha humo wima, akafukia, akamwagilia.
Nibaldo akauliza, "Utaota?"
"Tuone."

Kila Jumatatu ya kwanza tulifukua.
Mwezi wa pili: unang'aa.
Mwezi wa tisa: unang'aa, nyungunyungu wameuzunguka
kama watu wanavyoizunguka gari iliyoharibika.
Mwezi wa kumi na nane nilifuta udongo kwa kidole gumba
nikasoma tarehe ya kuisha muda: jana.

Akaupeleka Santiago na matope yake,
akauweka juu ya meza ya yule bwana.
Walichoambiana sikijui.
Najua tulipoteza maduka nusu,
na wanawake watano walirudi nyumbani,
mmoja wao Yolanda, binamu yangu,
ambaye kanisani sasa hutazama mishumaa nikipita.
Karatasi mpya huoza kwa wiki kumi na moja.
Panya wa ghalani huimaliza kwa usiku mmoja.
Hilo nalo nimeliandika.

Lile shimo hatukulifukia.
Juzi nimekuta kimechomekwa humo kijiti cha avellano,
majani matatu, moja limeliwa.
Griselda anasema si yeye.
Nibaldo anatazama paa.
Nikafungua daftari, ukurasa wa mwezi huu,
nikaandika chini ya oti na asali:
miche, mmoja.